Mama Alikaa Katikati

Kutoka Lubumbashi mpaka Luberizi, mama yangu alikaa katikati.

Ile Peugeot 404 ya Lucien ilikuwa na kiti kimoja tu mbele, kirefu kama benchi la kanisani, na nyuma mizigo ilifunikwa turubai. Siku ya kuondoka nilikuwa nimekwisha kuinua mguu ili nipande wa kwanza, nikae karibu na Lucien, mama akanivuta kitenge kwa nyuma.

"We kaa ku dirisha," akaniambia. "Katikati iko yangu."

Lucien, aliyekuwa ameshika usukani tayari, akashuka upesi kana kwamba kiti kimeshika moto.

"Pardon, Maman. Pale haifai. Tutagusana."

"Tutagusana, na kisha?" Mama alipanda, akapangusa kiti kwa kiganja, akakaa. "Kwani we ni nani kwangu? Panda, shofere. Tuende."

Kwetu Bukavu, hata sisi tuliosoma, mkwe na mama mkwe ni watu wa kuoneana haya. Mwanamume hakai karibu na mama wa mchumba wake, hali chakula mbele yake, wala hatamki jina lake. Naye mama, akimwona njiani, hugeuza uso na kumpisha. Si chuki. Ni heshima, na pengine hatuna heshima kubwa kuliko hiyo. Mama alijua hayo yote tangu utoto wake. Ndiyo maana alikaa katikati, bega lake juu ya bega la Lucien, nchi baada ya nchi, ili kila mtu wa barabarani aone kwamba huyu si mkwe. Huyu ni shofere tu.

Alikuwa amekuja Lubumbashi kuona nikipewa diplome yangu na kunirudisha nyumbani. Ndege ya kurudi haikuruka wiki ile, wala iliyofuata. Huko Muhumba, mtaa wetu wa Bukavu, baba yangu, Papa Aloys, alikuwa amekwisha kupatana na wazee wa Gérard siku ya kuja kunichumbia. Gérard alikuwa mtu wa ofisi katika kampuni ya kahawa, mwenye nyumba ya ngazi na motokari mpya. Lucien Bisimwa alikuwa mwalimu, ana diplome ya historia na ile 404 kuukuu aliyouziwa na Mgiriki mmoja aliyekuwa akihama. Barabara za ndani ya nchi hazikupitika, kwa hiyo tungezunguka Zambia, Tanzania na Burundi. Mama alikubali kupanda kitu alichokidharau, kikiendeshwa na mtu aliyemdharau, kwa sababu moja: nifike kwa siku ya Gérard.

Alijua kwamba mimi na Lucien tunapendana. Nilimwambia mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akimenya chungwa, kisha akaniuliza kama nimemaliza.

Basi tulisafiri hivyo. Mpakani mwa Zambia alimwambia Lucien, "Niite jina langu. Adélaïde. Sema."

"Siwezi, Maman."

"Bwana yangu iko na boyi, na ule boyi ananiita Madame Adélaïde. We unashindwa? Mulomo yako iko na kidonda?"

Lucien aliangalia barabara. Kila tuliposimama kula, mama alifungua kifurushi chake pale pale kwenye kiti, akatafuna karanga karibu na sikio lake makusudi. Naye Lucien alichukua muhogo wake akaenda kuula nyuma ya motokari, hata siku mvua ilipokuwa ikipiga. Nilimwona kwenye kioo, amejikunyata chini ya turubai, mgongo umetugeukia.

Garini alijibana kwenye mlango wake ili asimguse mama, na mlango ule haukuwa na kitasa. Ulifungwa kwa kamba. Kwenye kona moja karibu na Mbeya kamba ikaachia. Lucien akaning'inia nje, mkono mmoja kwenye usukani. Mama ndiye aliyemkamata shati na kumrudisha ndani. Sikusahau jambo hilo, kwa sababu alimkamata kwa mikono yote miwili. Halafu akaipangusa kwenye kitenge chake.

"Sipendi kuona mutu anakufa," alisema. "Hata mutu wa bure."

Lakini kulikuwa na jambo ambalo mama hakuliweza. Zambia na Tanzania watu huendesha upande wa kushoto, na usukani wa 404 uko kushoto vilevile. Kwa hiyo Lucien akitaka kupita lori, hakuona mbele. Mimi wa dirisha la kulia ndiye niliyeona. Nilitoa kichwa nje, vumbi likanijaa machoni, nikamwambia, "Ngoja." Yeye akasema, "Nangoja." Kisha njia ikawa wazi, nikamwambia, "Pita." Akapita. Maneno mawili tu, ngoja na pita, juu ya kilemba cha mama yangu, kutwa nzima, na sijawahi kuambiwa maneno matamu kuliko "nangoja" ya Lucien.

"Munasemezana nini pale?" mama aliuliza.

"Barabara, Maman," nilisema.

"Mm. Barabara."

Tulipoingia Burundi tukarudi upande wa kulia, na Lucien akaona mwenyewe. Hakunihitaji tena. Kuanzia hapo tulikaa kimya, na Bukavu ilikuwa inakaribia.

*

Asubuhi ya siku ya mwisho tuliamka kwa masista wa Uvira. Mama aliomba apigiwe phonie, redio ya parokia, mpaka Bukavu, akamwambia baba: tunafika leo, mgongo wangu umevunjika, motokari ni takataka, uwaambie akina Gérard waje kesho. Akanunua ndagala, dagaa wa ziwani, wa kukaanga, akawafunga kwenye jani la mgomba, akapanda mahali pake.

"Leo njo mwisho," alimwambia Lucien. "Ukitufikisha, Aloys atakupa aksanti. Utakunywa bia moja ya Primus, kisha utaenda kwenu."

"Aksanti, Maman."

"Usiniitike aksanti! Mutu anakutukana, we unaitika aksanti. Baba yako alikufundisha nini?"

"Alinifundisha vile, Maman."

Mama alinigeukia. "Umesikia? Na njo huyu ulitaka kuniletea."

Nilikuwa na hasira, na hasira yangu haikuwa kwa mama.

Tulikuwa tumefika Luberizi, katikati ya mashamba ya mpunga, wakati boneti ilipoanza kutoa moshi. Kisha kitu kikapasuka ndani. Lucien akasimamisha motokari kando ya mfereji, akafungua boneti, na uji mweupe ukaruka juu kama maziwa yaliyochemka, ukamwagika kwenye taa, kwenye bampa, kwenye viatu vyake.

Ni kwamba radiateur ilikuwa imetoboka tangu Tabora. Mtu mmoja sokoni alimshauri Lucien atie unga kidogo ndani ya maji, utaziba tundu. Lucien alitia kidogo. Maji yalipoendelea kuvuja, akatia tena. Na tena Kasulu, na tena Bujumbura.

Mama alishuka, akauchungulia ule uji. Alichovya kidole, akanusa.

"Ni bugali," alisema. "Bibiane, kuya uone. Muhistoria wako anapika bugali mu motokari. Njia yote tunakula muhogo baridi, kumbe jiko iko mbele."

Wanawake waliokuwa wakipalilia mpunga wakainua vichwa. Mmoja akapiga kelele, "Ba-mama, muye muone! Motokari inapika uji!" Wakaja, matope mpaka magotini, wakicheka, na kicheko chao hakikuwa kibaya. Mmoja wao, mama mnene mwenye sauti ya kuimba, akamtandikia mama mkeka wake kivulini bila kuulizwa.

"Kaa, maman. Jina yangu Emérence. Tutakuletea maji. Na ile mutoto wa kiume tutamusaidia kuosha sufuria yake."

Mama akakaa, akafungua ndagala wake. Mimi nikaenda mbele ya motokari. Lucien alikuwa anachota uji kwa kikombe, mikono imeungua.

"Lucien."

"Nipatie ule ufunguo. Kule, karibu na muguu yako."

Nikampa. Vidole vyetu vikagusana, naye hakuvitoa upesi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Lubumbashi. Nilimwangalia, akaniangalia, na kwenye kope zake kulikuwa na unga.

"Kesho," nilisema, "watu ya Gérard wanakuya kwetu."

"Najua."

"Unajua, na unachota uji."

"Nifanye nini ingine? Motokari imejaa."

"Umujibu! Ata mara moja. Anakuita mutu wa bure, unaitika aksanti. Anakukalia mabega, unajibana mu mulango mpaka unaanguka. Kama unanitaka, umuambie: mi natafuta mutoto wako."

"Mutu hamuambie mama mukwe vile. Anatuma wazee."

"We hauna mama mukwe! Amekukataa, Lucien. Amekukataa Zambia, amekukataa Tanzania, amekukataa Burundi. Unaheshimu mutu yenye anakuona kama tairi ya motokari."

Alifikiri kidogo. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, na siku ile nilichukia hata hilo.

"Yeye njo alikataa," alisema. "Mi siyakataa. Nikianza kumujibu, nikianza kukula mbele yake, basi nami nimekubali kama si mukwe wake. Itakuwa batu wawili wenye wanasema hapana. Sasa iko mumoja tu."

"Hiyo ni maneno ya kitabu."

"Ni maneno ya baba yangu. Haana kitabu."

"Basi endelea kuheshimu," nilimwambia, na sauti yangu ilikuwa ile ile ya mama, niliisikia mwenyewe. "Utatushusha Muhumba, utapewa Primus yako, utaenda. Na mi nitaolewa na mutu yenye anajua kufungua mulomo."

Akainama tena juu ya injini. Nikaondoka, nikalia kidogo nyuma ya turubai. Mama Emérence akaniona, akanipa maji ya kunawa, hakuniuliza kitu.

*

Baada ya muda wanawake wakaleta chakula. Hawakuwa na lazima yoyote kwetu. Walileta wali wa mpunga wao na maharage, sahani kubwa moja ya mama, moja yangu, na bakuli moja ya Lucien. Lucien akaipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akazunguka motokari, akaenda kuketi upande wa pili, mgongo umetugeukia, kama alivyofanya siku zote.

Mama Emérence alimfuata kwa macho. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonja chumvi ikamtosha. Mama aliona alivyoangalia, akakunja uso.

Ndipo motokari nyeupe ikaja kutoka upande wa Kamanyola, njia ya Bukavu, inang'aa, haina hata kelele. Gérard akashuka. Suruali yenye pasi, viatu safi. Aliruka dimbwi, akaja mbio mbio mpaka mkekani.

"Maman Adélaïde! Bonjour, bonjour!"

Na kabla mama hajaweka kijiko chini, Gérard alimwinamia, akambusu shavu la kushoto, na la kulia, na la kushoto tena, kama Wazungu.

Nyuso za wanawake wote zikasimama.

Gérard hakuwa mtu mbaya. Lazima niseme hivyo. Aliposikia habari ya phonie, hakungoja kesho. Alishuka milima yote ya Ngomo kutufuata. Alimletea mama mto wa kuegemeza mgongo, na chupa ya Fanta aliyoizungushia kitambaa chenye maji ili ibaki baridi. Alimfungulia kwa meno yake.

"Kunywa, Maman. Umeteseka. Pole sana. Bibiane, chérie, bonjour." Akaiangalia 404, akaangalia uji kwenye bampa, akacheka. "Na ile ni nini? Inatapika? Adélaïde, kweli, ulikubali kupanda ile kitu?"

Adélaïde. Hivyo hivyo, bila hata Maman mbele. Mama alishika ile Fanta, hakunywa.

Gérard akavua viatu, akaketi mkekani karibu naye, goti kwa goti. "Njaa inaniuma, sikukula asubuhi," akasema. Akachukua kijiko changu, akachota wali kwenye sahani ya mama. Akala. Akachota tena.

"Ni tamu," aliwaambia wanawake. "Muchele ya hapa ni tamu sana."

Kisha Mama Emérence akapiga makofi taratibu, uso wake umejaa furaha, kama mtu aliyekwisha kufumbua fumbo.

"Ee, maman! Una bahati. Mungu alikupatia."

"Bahati gani?" mama aliuliza.

"Mutoto wako anakupenda! Siyaona mutoto mwanaume mwenye anabusu mama yake vile. Anakula mu sahani yako kama bado ananyonya." Wenzake wakacheka. Akageuka, akaonyesha kwa kidevu upande wa pili wa motokari, kule mgongo wa Lucien ulikokuwa. "Na mukwe yako iko na heshima. Haketi, haangalii, haonyeshi mulomo. Siku hizi mukwe kama ule utamupata wapi? Hapa ku barabara tunaona wote wa mujini banapita. Kama ule siyaona."

Nilimwangalia mama. Uso wake ulibadilika rangi.

Gérard alikuwa na wali mdomoni. Alimeza, akatabasamu. "Non, non, Maman, mi si—"

"Nyamaza," mama alisema.

"Lakini wanafikiri mi ni—"

"Kula, Gérard."

Nilielewa alichokuwa akikiona. Kusahihisha ilikuwa rahisi sana. Maneno machache tu: huyu si mtoto wangu, huyu ndiye atakayeoa binti yangu. Huyu aliyenibusu mashavu mbele yenu. Huyu anayekula kwenye sahani yangu, goti lake limegusa goti langu. Maneno yale yalikuwa mdomoni mwake, na kila alipoyasukuma yalirudi.

Mama Emérence alikuwa anangoja, akitabasamu.

"Ndiyo," mama alisema mwishowe. "Ni mutoto wangu."

"Niliona! Na mapua yake iko kama yako."

"Ni wa kwanza."

"Na binti uyu, ni dada yake? Baba mumoja?"

Mama aliniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza katika safari yote kuniangalia bila kunikemea.

"Tumbo moja," alisema.

*

Gérard alivaa viatu tena, akamwomba mama wasogee kando, karibu na mfereji. Nami nikawafuata, kwa sababu nilichoka kujadiliwa nikiwa mbali.

"Maman, unacheza?" Hakuwa anacheka tena. "Hawa ni bamama ba mupunga. Banajua nini? Mila ya zamani. Tutaonana nao wapi tena?"

"Nyawera, ku soko ya kwetu," mama alisema. "Kila siku ya soko. Muchele yetu inatoka hapa. Muchele ya mama yako pia. Kesho kutwa ile habari itakuwa imeingia mu kila jiko ya Muhumba: mukwe wa Adélaïde alimubusu, alimuita jina kama boyi, akakula mu sahani yake."

"Sote tunasalimiana vile ku ofisi! Hakuna ubaya."

"Najua haukufanya kwa ubaya. Uko mutoto muzuri, Gérard. Njo maana nilisema uko wangu."

"Basi twende, hii mambo tuiache hapa Luberizi."

Mama aliangalia mikono yake.

"Nimekaa mabega kwa mabega na ule," alisema, na hakutaja jina wala hakugeuka kumwonyesha. "Njia yote. Nilitafuna mu sikio yake. Nilimutukana mpaka matusi yote ya kwetu ikaisha. Na kila siku yeye njo alikuwa anasikia haya. Leo umenigusa mara moja, haya ikanishika mi. Sijui kuisema vizuri."

"Ni mwalimu, Maman. Motokari yake inapika."

"Motokari yake ni uchafu," mama alikubali. "Naye ni mujinga wa motokari. Hakuna yenye anabishana."

Gérard alinigeukia. Hapo nilimheshimu, kwa sababu katika miezi yote ile ya wazee kutumiana salamu, yeye ndiye wa kwanza kuniuliza.

"Na we, Bibiane? Unasema nini?"

"Mi naenda na Lucien."

"Ungeniambia mbele."

"Hakuna mwenye aliniuliza."

Aliangalia viatu vyake vilivyokwisha kuingia matope. "Ni kweli," alisema. "Siyauliza."

Tukarudi. Wanawake walikuwa wamekwisha kuiosha ile radiateur kwa maji ya mfereji, ndoo baada ya ndoo, wakiimba wimbo wa uji walioutunga pale pale. Tundu waliliziba kwa sabuni na kitambaa. Lucien alikuwa katikati yao, ameloa, hana habari ya lolote lililotokea mkekani. Alipotuona tunakuja, akajiondoa kando upesi ili mama apite.

Mama akasimama.

Siku zote alipopewa njia hivyo, alipita karibu naye makusudi, hata akamkanyaga. Sasa alivuta kilemba chake mpaka kwenye paji la uso, akageuka kushoto, akapita nyuma ya 404, mbali, akiangalia mpunga.

Lucien alibaki na kitambaa mkononi. "Bibiane," alininong'oneza, "nimefanya nini? Amekasirika?"

"Nyamaza kwanza."

Mama alifika kwenye motokari nyeupe. Gérard alikuwa amekwisha kumfungulia mlango na kuweka ule mto kwenye kiti cha mbele, karibu na chake. Alikuwa na huzuni usoni, lakini alimshika mkono asiteleze kwenye matope.

"Nitapanda hapa," mama alitangaza kwa sauti, wanawake wote wasikie. "Mutoto wangu atanipeleka. Hakuna yenye inanikataza kukaa naye. Emérence!"

"Maman!"

"We haukuwa na muchele ya kupeleka Nyawera?"

"Iko gunia mbili."

"Panda nyuma kwa wale. Ukae macho. Wakisimama mahali bila motokari kufa, unipashe."

Mama Emérence alicheka mpaka akajishika kiuno. Magunia yakapandishwa. Mama akakaa vizuri, akashusha kioo.

"Bibiane! Kuya."

Nikaenda dirishani. Lucien alikuwa hatua chache nyuma yangu. Asingeweza kukosa kusikia hata neno moja. Amegeuza uso pembeni, mikono nyuma. Mama naye aliangalia mbele, kwenye kioo cha Gérard, kana kwamba upande ule hapakuwa na mtu.

"Muambie ule," alisema.

"Nani, Maman?"

"Ule. Muambie: motokari yake ni sanduku ya maiti. Umuambie vile nilisema."

"Nitamuambia."

"Muambie asome historia, aachane na chuma. Muambie kuvaa ile shati tena mbele ya Aloys ni haya kwetu sisi wote, aoge mbele ya kufika."

"Ndiyo, Maman."

Gérard aliwasha injini. Mama akamgusa mkono angoje. Alikohoa, akarekebisha kilemba.

"Na umuambie: siku ya kuleta ng'ombe zangu, asizipandishe mu ile kitu. Zitakufa. Zitembee kwa miguu."

Kioo kikapanda. Motokari nyeupe ikaondoka kuelekea milimani, na wanawake wa mpunga wakaanza kupiga vigelegele.

Nikamgeukia Lucien. Uso wake ulikuwa mwekundu, macho yamejaa maji, na unga ulikuwa bado kwenye kope.

"Umesikia?" nilimwuliza.

"Siyasikia kitu," alisema. "Mama mukwe hasemake na mi. Ni we alituma. Sema."

"Alisema motokari yako ni sanduku ya maiti."

"Ndiyo."

"Alisema uoge."

"Nitaoga. Na kisha?"

Wanawake walikwisha kupanga mikono yao nyuma ya 404, wanangoja amri ya kusukuma. Nikamsogelea, nikamwambia yaliyobaki.